Malezi Yakivunjika, Haki za Mtoto Zisivunjike

Katika mwambao wetu, kuanzia Makurunge na Bagamoyo hadi Unguja na Pemba, kumchukua mtoto wa mwingine na kumlea ni jambo la heshima. Mtoto wa ndugu aliyefariki, mtoto wa jirani asiye na uwezo, mtoto aliyepelekwa kwa shangazi ili awe karibu na shule au chuo, wote hao wamekulia katika nyumba ambazo hawakuzaliwa, wakala sahani moja na wenyeji wao. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na watu wa pwani wameifanya kazi hiyo bila kungoja kuamrishwa.

Leo tunataka kuuzungumzia upande wa pili wa jambo hili, ambao wengi hawapendi kuutaja. Malezi nayo huvunjika. Mume na mke huachana, kila mmoja akadai kuwa mtoto yule alikuwa wa mwenzake. Mlezi hufariki, na kabla ya arobaini ndugu zake wakamwamuru mtoto afungashe. Nyumba iliyokosa mtoto kwa miaka mingi hujaliwa kupata wake, na yule wa kulea akageuzwa mtumishi. Mwingine akifikia ujana na kuwa mkaidi, hupakiwa katika basi au jahazi akarudishwa “kwao”, hali huko kwao hakuna wa kumpokea. Swali letu ni hili: siku hiyo, nani anamlinda mtoto huyo?

Kwa upande wa Tanzania Bara, jibu limo katika Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Kwa mujibu wa sheria hiyo, amri ya kuasili mtoto hutolewa na Mahakama Kuu. Amri ikishatolewa, haki na wajibu wa wazazi waliomzaa hukoma, na waliomwasili hushika nafasi yao kana kwamba mtoto huyo wamemzaa wenyewe. Tena sheria haikuishia hapo. Katika tafsiri yake, mzazi ni baba na mama waliomzaa mtoto, ni baba na mama waliomwasili, na ni mtu mwingine yeyote aliyekabidhiwa malezi ya mtoto huyo. Mwenye mtoto mikononi mwake analazimika kumpatia chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na nafasi ya kucheza. Anayekiuka haki hizo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au kupewa adhabu zote mbili.

Maana yake iko wazi. Aliyeasili mtoto hana ruhusa ya kumrudisha kwa uamuzi wake mwenyewe. Amri ya mahakama haifutwi na ugomvi wa ndoa, wala na ukaidi wa mtoto, wala na kuzaliwa kwa mtoto mwingine. Kama mambo yameharibika kiasi cha kushindikana, yapelekwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii na mbele ya mahakama, na jambo la kwanza kutazamwa liwe maslahi ya mtoto.

Mambo ya watoto si mambo ya Muungano, na kwa hiyo Visiwani hutumika Sheria ya Watoto Na. 6 ya mwaka 2011. Sheria hiyo inaitambua kafala, yaani Mwislamu kujitolea kumtunza, kumsomesha na kumhifadhi mtoto kama mzazi afanyavyo, bila kuibadili nasaba yake. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala kwa jina miongoni mwa njia halali za kumlinda mtoto aliyekosa wazazi.

Hapa hatuna budi kusema na wale wanaoifanya dini kuwa kisingizio. Sisi tuliopitia chuoni tunafahamu kwamba Sura ya Al-Ahzab imeagiza watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Mtu akichoka kulea hukimbilia hapo, akasema: “Huyu si damu yangu, dini haimtambui.” Hiyo ni tafsiri ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Aya ile ilihifadhi nasaba, haikuamuru mtoto atupwe. Zaid bin Haritha, aliyelelewa katika nyumba ya Mtume, alirejeshewa jina la baba yake, lakini hakufukuzwa wala hakudharauliwa. Alibaki kuwa mpendwa wa Mtume, akapewa uamiri wa jeshi, na alikufa shahidi katika vita vya Muta akiwa ameshika bendera. Mtoto wa kafala harithi, lakini mlezi wake ana ruhusa ya kumuusia sehemu ya mali isiyozidi theluthi moja. Mlezi asiyeandika wasia angali mzima anamwacha mtoto mikononi mwa warithi, ambao wengine humwona kuwa mgeni.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba malezi mengi ya pwani hayajapata kufika mbele ya hakimu wala kadhi. Tutazame Makurunge. Katika ardhi ya kata hiyo Serikali ya Zanzibar iliwahi kuendesha ranchi yake ya mifugo, iliyojulikana kwa jina la RAZABA, na mwingiliano wa watu wa Bagamoyo na Unguja ni wa tangu kale. Mtoto anaweza kuzaliwa upande mmoja wa bahari akalelewa upande wa pili. Akifukuzwa, mtendaji wa kijiji hana habari zake, na sheha naye hana. Aliyemchukua hakuandikisha popote, na anayemrudisha haulizwi na mtu. Kati ya sheria mbili zilizo nzuri, mtoto hujikuta hana hata moja.

Isidhaniwe kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini peke yake. Mwaka 2010 mtoto wa miaka 7 aliyeasiliwa Marekani alipandishwa ndege peke yake na kurudishwa Moscow, akiwa na barua ya kueleza kwamba mlezi wake hamtaki tena. Mwaka 2013 shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba huko huko Marekani wazazi walikuwa wakiwatangaza katika intaneti watoto waliowaasili, wengi wao kutoka nchi za nje, na kuwakabidhi kwa watu wasiowajua kwa karatasi iliyotiwa sahihi tu. Baadhi ya watoto hao waliangukia katika mikono ya watesaji. Jirani zetu wa Uganda nao, mwaka 2016, walirekebisha sheria yao ya watoto ili kuuziba mwanya uliowawezesha wageni kupewa ulezi mahakamani na kuwatoa watoto nje ya nchi kabla ya kuwaasili. Bagamoyo, mji ulioshuhudia watoto wakiuzwa, na ambako tangu mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliwakomboa na kuwalea baadhi yao, haihitaji kufundishwa ubaya wa kumkabidhi mtoto kutoka mkono hadi mkono kama bidhaa.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika. Kwanza, kila serikali ya kijiji na kila shehia iwe na daftari la watoto wanaolelewa na wasio wazazi wao: mtoto ametoka wapi, kwa nani, na kwa makubaliano gani. Pili, maafisa wa ustawi wa jamii wa Bara na wa Zanzibar wawe na utaratibu mmoja wa kupeana taarifa, ili mtoto anayevushwa bahari asipotee machoni mwa Serikali. Tatu, kanuni za pande zote mbili ziseme bila kuficha kwamba malezi yakivunjika, wajibu wa matunzo unaendelea mpaka mtoto apate mlezi mwingine kwa njia ya halali. Nne, mlezi wa Makurunge anayetaka kuasili asiachwe peke yake katika safari ya kwenda Mahakama Kuu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo, na wasaidizi wa kisheria wapelekwe vijijini.

Wananchi nao wasikae pembeni. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayeona haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya eneo lake. Mabalozi wa mashina, walimu, maimamu na mapadri ndio wanaoijua nyumba ambayo mtoto wake wa kulea ameacha shule, au amelala nje usiku wa jana. Wakinyamaza kwa kuogopa kuingilia mambo ya nyumba za watu, wanashiriki katika kosa.

Anayemchukua mtoto kwa hiari yake hufanya wema mkubwa, nasi tunampongeza. Lakini akishamchukua, wema huo umekwisha kuwa wajibu, na mwenye wajibu hauvui kwa kuchoka. Viongozi walio na madaraka ya kuusimamia wajibu huo wasingoje mtoto mwingine akutwe kituo cha basi na mfuko wa nguo zake.