Mteja Akingoja, Nasi Tunangoja: Risala ya Wafanyabiashara Wadogo wa Mwanza

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya,
Wakurugenzi wa halmashauri na wakuu wa taasisi za umma,
Wafanyabiashara wenzetu, na ninyi wateja wetu,



Sisi ni mama lishe na baba lishe, wauza dagaa na sato wa Mwaloni Kirumba, machinga, vinyozi na wasusi, mafundi cherehani, mawakala wa pesa za simu, na wenye maduka ya rejareja kuanzia Buhongwa hadi Igombe. Kila Oktoba, Wiki ya Huduma kwa Wateja inapofika, tunakumbushwa wajibu wetu: kauli nzuri, usafi, uaminifu, risiti. Mafunzo hayo tunayahitaji na tunayashukuru. Tunachokuja kusema leo ni kwamba sehemu kubwa ya kinachomuudhi mteja kwenye kibanda chetu huanzia mbali na kibanda. Huanzia kwenye bomba, kwenye nguzo ya umeme, kwenye dirisha la ofisi na kwenye daftari la mkopeshaji. Huko kote sisi ndio wateja. Tunalipa na tunapanga foleni. Tunaomba tupimwe, na wanaotuhudumia nao wapimwe kwa kipimo hicho hicho.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo aibu yetu inaonekana zaidi.

Mama lishe anayeuza ugali na sato karibu na stendi ana mabeseni mawili ya kuoshea vyombo, moja la sabuni na moja la kusuuzia. Ikifika saa saba mchana benchi limejaa, na maji ya kusuuzia yameshabadilika rangi, mafuta yanaelea juu. Anajua yanatakiwa kumwagwa. Lakini maji yake huja kwa madumu ya lita 20 juu ya mkokoteni, na mwenye mkokoteni bado yuko kwa wateja wengine. Akiyamwaga, hana ya kuoshea sahani za watu wanane waliokaa. Asipoyamwaga, mteja anayeangalia beseni atakula leo na kesho hatarudi, na afisa afya akipita saa hiyo ataandika faini. Na pale alipo, akiinua kichwa, analiona Ziwa Victoria.

Chanzo cha maji cha Butimba, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, kimeleta nafuu, na hilo tunalisema waziwazi. Nafuu hiyo haijafika sawasawa milimani, kwenye nyumba zilizojengwa juu ya mawe, wala kwenye maeneo mengi yanayouza chakula, kwa sababu mipango ya mabomba inahesabu nyumba na haiwahesabu watu wanaopikia mji mchana. Tunadai kila soko, kila stendi na kila eneo lililotengwa kwa mama lishe liwe na kituo cha kuchotea maji chenye bei inayojulikana, kabla ya mtu yeyote kupigwa faini ya uchafu katika eneo hilo. Pale ambapo maji yanatoka kwa zamu, ratiba ya zamu ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa. Mtu akijua maji yatatoka Jumanne alfajiri, ataamka kuyakinga.

Umeme hatutausemea kwa kirefu. Katika mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024 tuliumia, lakini siku ratiba ilipotolewa na kufuatwa, msusi aliweza kumwambia mteja aje saa kumi, na muuza samaki aliweza kununua barafu mapema. Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha umeme Februari 2024 tumepumua. Yaliyobaki ni ya hapa hapa: laini inazimwa kwa matengenezo bila taarifa, umeme unarudi kwa kishindo na kuunguza friji. Tunaomba ujumbe wa simu kabla ya kuzima, wenye saa ya kukata na saa ya kurudisha, na utaratibu mfupi wa kulipwa fidia ambao mtu wa darasa la saba anaweza kuufuata bila wakili.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, sasa ofisi na wakaguzi.

Anayefungua mgahawa wa meza sita hapa mjini anakutana na leseni ya biashara, ushuru wa huduma, taka, afya, zimamoto, usalama mahali pa kazi, vipimo, viwango vya chakula na kodi ya mapato. Hatusemi hata kimoja kifutwe kwa kuwa kinatusumbua. Moto ukiwaka tunataka zimamoto, na mizani mbovu inamwibia jirani yetu. Kinachotuchosha ni kwamba kila mmoja anakuja siku yake, na wengi huja kati ya saa sita na saa tisa mchana, kwa kuwa ndipo wanapomkuta mwenye mgahawa. Wateja wanangoja chakula, mwenyewe amesimama mlangoni anatafuta cheti kwenye mfuko wa nailoni. Mteja mwenye dakika 20 za mapumziko anaondoka, na anaondoka akisema pale huduma ni mbovu.

Serikali yenyewe ililiona hili. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ambao watu wengi wanaujua kama MKUMBI, ulianza kutekelezwa Julai 2019 ukiwa na lengo la kupunguza tozo na kuondoa ukaguzi unaojirudia. Kwa wawekezaji wakubwa matokeo yake yanasomeka. Kwetu tunaomba jambo moja linaloweza kuanza hata mwezi ujao bila sheria mpya: timu moja ya wakaguzi kwa kila kata, siku moja inayotangazwa, kabla ya saa nne asubuhi, na fomu moja. Akija mkaguzi peke yake saa saba mchana bila malalamiko yoyote ya mteja, tuwe na haki ya kumwomba arudi kesho yake asubuhi.

Halafu kuna "njoo kesho". Mwenye duka la peke yake akienda ofisini, duka limefungwa. Mteja akikuta kufuli mara ya pili anahamia duka la jirani, na kumrudisha ni kazi ya miezi. Taasisi nyingi za umma zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, umechapishwa vizuri na kutundikwa ukutani, unasema maombi yatajibiwa ndani ya siku kadhaa. Tumeusoma tukiwa kwenye foleni chini yake. Madai yetu ni haya: anayefika dirishani apewe karatasi yenye tarehe na saa aliyofika. Siku zilizotajwa kwenye mkataba zikipita bila jibu, siku zinazozidi zisihesabiwe kwenye faini ya kuchelewa ya huyo mfanyabiashara. Sisi tukichelewa tunalipa. Ofisi ikichelewa, angalau isitulipishe.

Suala la risiti liko karibu na hapo. Tunakubali kwamba mteja ana haki ya risiti, na kwamba barabara tunazopitishia mizigo zinajengwa kwa kodi. Lakini mfikirieni mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Igoma. Mteja ametoka Magu na gari la kukodi, mabati yameshapakiwa, dereva anapiga honi, na mashine ya risiti inasema mtandao haupatikani. Akimruhusu aondoke bila risiti, wote wawili wamevunja sheria na mzigo unaweza kukamatwa njiani. Akimzuia, gari linalipiwa muda. Utaratibu wa kufuata mashine inapogoma uandikwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, ubandikwe kila duka, ili muuzaji, mnunuzi na mkaguzi wasome maneno yale yale. Na mfumo unapokuwa chini, muda wa kuanza na wa kuisha utangazwe, uwe ushahidi wetu.

Juni 2024 mgomo wa wafanyabiashara ulioanzia Kariakoo, Dar es Salaam, ulifika hadi hapa Mwanza, na maduka ya katikati ya jiji yakafungwa. Kero zilizotajwa zilikuwa za kweli. Lakini wapo kati yetu waliolala bila chakula siku zile, na mteja aliyetoka visiwani Ukerewe kuja kufuata bidhaa alirudi mikono mitupu akiwa ameshalipa nauli ya meli. Hatupendi kufika huko tena, ndiyo maana tumeandika.

Kuna jambo ambalo kwenye semina halitajwi kabisa: mikopo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa Aprili 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu, na ikarejeshwa mwaka uliofuata. Katika pengo lile wengi wetu tuliingia kwenye mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, na baadhi hawajatoka hadi leo. Anayekusanya marejesho anapita kila jioni. Muulizeni mwanamke mwenye deni la namna hiyo kwa nini jana aliuza samaki aliyelala. Anajua samaki yule alipaswa kutupwa. Amemkaanga tena, akaongeza chumvi na ndimu, kwa sababu saa kumi na mbili kuna mtu atasimama mbele ya jiko lake akiwa na daftari. Kwa hesabu hiyo pia harudishi pesa ya mteja ambaye hakuridhika, habadilishi bidhaa mbovu, na ana hasira na kila anayeuliza bei bila kununua. Kiwango cha huduma kinashushwa na riba, na hakuna semina ya kutabasamu itakayokipandisha. Tunadai mikopo ya asilimia 10 imfikie pia mtu mmoja mmoja mwenye biashara inayoonekana kwa macho, marejesho yake yafuate msimu wa biashara yenyewe, maana dagaa huvuliwa giza la mwezi na mbalamwezi muuzaji hana mzigo, na wakopeshaji wasio na leseni wafuatiliwe kwa bidii ile ile inayotumika kutufuatilia sisi.

Mahali pa biashara pia ni sehemu ya huduma. Mteja wa machinga humkumbuka kwa kona. Machinga walipopangwa upya mwishoni mwa 2021 na kuondolewa Makoroboi na kando ya barabara za katikati ya jiji, na kabla yao wenzetu wa Soko Kuu walipohamishiwa Mbugani kupisha ujenzi, walihama watu na bidhaa, wateja hawakuhama. Jiji safi tunalitaka na sisi. Tunachodai ni kwamba uhamisho wowote utanguliwe na daladala kupitishwa eneo jipya, taa, vyoo na maji, na tangazo la kuwaelekeza wateja linaloendelea angalau miezi mitatu.

Wenzetu wa Kigongo na Busisi wana kilio cha aina yake. Kwa miaka mingi foleni ya kivuko ndiyo ilikuwa soko lao: samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, maji, matunda, kupitia dirisha la basi. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, safari ikawa ya dakika chache. Ni daraja la fahari, wagonjwa wanaowahishwa Bugando kutoka Sengerema wanalihitaji, na hakuna muuza mahindi atakayeomba lifungwe. Ila abiria sasa hasimami. Kutengwe eneo la mapumziko kila upande wa daraja, lenye maegesho ya mabasi, vyoo na vizimba, na waliokuwa kivukoni wapewe nafasi kwanza, kwa orodha iliyohakikiwa na ofisi za vijiji na mitaa.

Mheshimiwa, madai bila ahadi ni nusu ya mazungumzo, na tunajua wateja wetu wanavyotulalamikia. Mji huu una historia ya kudai kipimo cha haki. Paul Bomani, kabla hajawa kiongozi wa wakulima wa pamba, alikuwa mtendaji wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza katika miaka ya 1940. Vuguvugu la pamba lililokuja kuzaa muungano wa ushirika wa Victoria mwaka 1955 lilichochewa na mizani: mkulima alikuwa anapunjwa akitazama, akaamua kuisimamia mwenyewe. Sisi tuliorithi mji ule hatuna ruhusa ya kumpunja mtu kwa kipimo.

Kwa hiyo sokoni mizani itakaa mbele, uso wake ukimwelekea mteja, na ndoo ya dagaa itakuwa ya kipimo kimoja, isiyobonyezwa kitako. Bei itaandikwa, mgeni alipe sawa na mwenyeji. Chenji itatolewa kwa pesa. Pipi na kiberiti hazitarudishwa badala ya shilingi mia, na kwa hilo tunaomba benki zitubadilishie sarafu mara moja kwa wiki bila kutupanga foleni ya siku nzima. Chakula kilicholala hakitauzwa kama cha leo. Mteja atakayekosewa ataombwa radhi na kurudishiwa pesa au bidhaa siku hiyo hiyo, na namba ya simu ya mwenyekiti wa soko itaandikwa getini ili atakayepuuzwa apige. Biashara haigombi, na atakayemtukana mteja tutamkalisha chini wenyewe kabla hajafika kwa mtu mwingine.

Ahadi hizi hazingoji jibu la risala hii. Maji, taarifa za umeme, saa ya ukaguzi, karatasi ya dirishani, utaratibu wa risiti, mikopo na maeneo ya biashara vinangoja jibu. Tunaomba lije kwa maandishi ndani ya siku 60, likitaja kwa kila dai ni ofisi gani inahusika, afisa gani tumwone, na tarehe ya kuanza. Pale ambapo jibu ni hapana, tuandikiwe hapana na sababu yake, ili tusiendelee kufunga vibanda kulifuatilia.

Tunaomba kuwasilisha.

Wafanyabiashara wadogo wa masoko, stendi, mialo na mitaa ya Mwanza