Reli ya juu Dar na mkungu wa ndizi wa Izigo

Msafiri anayetoka Kagera na kufika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza siku hizi hushangazwa na mengi, lakini kubwa ni treni inayopita juu ya vichwa vya watu. Kutoka stesheni ya katikati ya jiji kuelekea Ilala, reli ya kisasa, maarufu kama SGR, imepandishwa juu ya nguzo za zege kwa kilomita 2.5 hivi. Chini yake magari na mikokoteni inapita bila kusubiri. Safari za abiria hadi Morogoro zilianza Juni 2024 na Dodoma ikafikiwa mwezi uliofuata, kwa nauli za kuanzia Sh13,000 na Sh31,000.

Huku Izigo, wilayani Muleba, habari hizo husikilizwa redioni kama mambo ya watu wa mbali. Hilo ni kosa. Mkulima wa Izigo amekwisha kuchangia reli hiyo, ingawa hajapewa tiketi. Kuanzia mwaka wa fedha 2015/16 serikali iliweka tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Aliyenunua simu au pikipiki iliyotoka ng'ambo alilipa ndani ya bei, bila kuonyeshwa risiti ya reli.

Kwa kuwa amechangia, ana haki ya kuuliza atanufaikaje.

Kuinua reli juu ya nguzo ni kazi ya gharama kubwa, na wenzetu wamekwisha kuionja. Jiji la Mumbai nchini India lilifungua njia yake ya kwanza ya treni ya juu Juni 2014, kilomita 11.4 kutoka Versova hadi Ghatkopar. Treni hujaa watu, lakini gharama za ujenzi zilipanda hadi kukaribia mara mbili ya makisio, na kampuni inayoiendesha ikavutana na mamlaka za jimbo juu ya nauli. Addis Ababa ilifungua treni yake ya mjini mwaka 2015 kwa nauli ndogo ya kumfaa mlalahoi. Baada ya miaka michache treni nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Ikiwa miji yenye mamilioni ya abiria inahangaika hivyo, ni dhahiri kwamba SGR haitalipwa na nauli za abiria wa Dodoma. Italipwa na mizigo, na sehemu ya mizigo hiyo iko kanda ya ziwa.

Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Siku treni itakapoanza kutoka Mwanza moja kwa moja hadi Dar es Salaam, wengi watadhani Kagera imefikiwa. Haijafikiwa. Kati ya Kemondo na Mwanza kuna maji, na hapo ndipo penye suala ambalo wanasiasa hawaligusi.

Bandari ya Kemondo ilijengewa gati la kupokea mabehewa. Behewa liliingia ndani ya meli kama Mv Umoja, likavuka ziwa na kuunganishwa na treni upande wa pili bila gunia kuguswa. Ulikuwa utaratibu mzuri sana. Lakini vyuma vya gati na vya meli hiyo ni vya reli ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000. SGR ina milimita 1,435. Behewa la reli mpya haliwezi kuingia katika meli hiyo hata likisukumwa na malaika.

Maana yake ni kwamba mzigo wa Izigo utapakiwa kwenye lori, utashushwa Kemondo, utapakiwa melini, utashushwa Mwanza na kupakiwa tena kwenye treni. Kila mkono unaougusa unadai malipo. Kahawa itavumilia, kwa sababu ni kavu na gunia halichubuki. Hata hivyo mkulima asidhani kuwa usafiri si wake kwa vile kahawa inauzwa mnadani kupitia chama cha msingi. Mnunuzi hupiga hesabu kuanzia bandari ya Dar es Salaam akirudi nyuma. Anaondoa gharama za njiani, na kinachobaki ndicho anachokitaja mnadani. Shilingi inayopotea gatini imetoka kibanjani.

Ndizi ni habari nyingine. Lori la tani 10 hubeba mikungu 500 ya kilo 20. Hupakiwa mara moja kibanjani na kushushwa mara moja sokoni Dar es Salaam, baada ya zaidi ya kilomita 1,300. Ikipitia meli na treni kwa mtindo wa kubebwa mabegani, mkungu utafika umechubuka, na mnunuzi wa Mabibo hana huruma na ndizi nyeusi. Anayewaahidi wakulima wa ndizi neema ya SGR bila kueleza upakiaji anawadanganya. (Senene waliokaushwa wangeweza kusafiri hata kwa baiskeli, lakini hao hawajazi treni.)

Dawa ipo, nayo ni kontena. Kontena linafungwa Kemondo, linainuliwa kwa kreni, na linafunguliwa Dar es Salaam. Halijali upana wa reli. Kwa ndizi liwe lenye ubaridi. Linahitaji kreni Kemondo na Mwanza, meli ya mizigo yenye ratiba inayoheshimiwa, na wakulima wanaoweza kulijaza kwa siku moja. Mv Mwanza iliyoshushwa majini Februari 2023 imepangiwa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Ni meli ya abiria kwanza. Baada ya Mv Bukoba kuzama Mei 21, 1996, hakuna wa kulaumu kipaumbele hicho, ila mizigo nayo itafutiwe chombo chake.

Kulijaza kontena ni kazi ya wakulima wenyewe. Wanaovuna kila mmoja kwa siku yake na kumsubiri dalali barabarani hawatalijaza. Kreni ni kazi ya serikali, na Bunge la bajeti hukaa Dodoma kila mwaka kati ya Aprili na Juni. Mbunge anayepita Izigo kabla ya Aprili aulizwe kwa jina: kreni ya Kemondo imo kwenye kifungu kipi?