UCHAMBUZI: Neema yazua hofu katika mitaa jirani ya Obama Chicago

Mkenya anayezuru Chicago na kutaka kuiona nyumba ya Barack Obama huelekezwa upande wa kusini wa jiji, katika mtaa wa Kenwood. Huko kuna jumba la matofali lililojengwa mapema katika karne iliyopita, limejificha nyuma ya miti, na ng'ambo ya barabara lipo sinagogi kongwe. Obama na mkewe Michelle walilinunua mnamo 2005 kwa dola milioni 1.65, miezi michache baada ya mwana huyo wa Mkenya aliyelelewa Nyang'oma Kogelo kuapishwa kuwa seneta. Walipohamia Ikulu ya Washington mnamo 2009 hawakuliuza.

Kenwood na jirani yake, Hyde Park, ni mitaa ambayo mgeni huipenda papo hapo. Majumba ya matajiri wa mwisho wa karne ya 19 yangali yamesimama. Ipo nyumba ya Robie, iliyokamilika 1910 kwa usanifu wa Frank Lloyd Wright, ambayo shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia mnamo 2019. Chuo Kikuu cha Chicago, kilichoasisiwa 1890 kwa fedha za bwanyenye wa mafuta John D. Rockefeller, kipo katikati ya yote hayo, na maprofesa wake huenda kazini kwa miguu. Lililo muhimu zaidi ni kwamba Weusi na Weupe wanakaa mlango kwa mlango, jambo adimu katika jiji lililogawanyika kwa rangi kama Chicago. Obama mwenyewe alifundisha sheria katika chuo hicho kuanzia 1992 hadi 2004, na mabinti zake wakasoma katika shule zake.

Utulivu huo, hata hivyo, haukujileta. Ulipangwa, ukalipiwa na kutetewa mahakamani, na katika kila awamu wapo waliotakiwa kuondoka. Historia hiyo ndiyo inayowatia hofu wakazi wa mitaa ya Woodlawn na South Shore tangu ilipotangazwa mnamo 2016 kwamba kituo cha kumbukumbu ya urais wa Obama kitajengwa katika bustani ya Jackson Park, karibu kabisa na milango yao.

Chanzo chake ni miongo ya kwanza ya karne ya 20, Weusi walipomiminika Chicago kutoka majimbo ya kusini kutafuta kazi viwandani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua mnamo 1917 kwamba miji haiwezi kutunga sheria ya kutenga mitaa kwa rangi. Wenye nyumba wakapata mwanya mwingine. Wakaanza kutia saini hati zilizosajiliwa pamoja na hatimiliki, wakiahidiana kwamba hakuna atakayemuuzia wala kumpangisha Mweusi. Bodi ya mawakala wa nyumba ya Chicago iliandaliwa mfano wa hati hiyo mnamo 1927, ukasambazwa mtaa baada ya mtaa. Hati yenyewe iliwaondolea marufuku hiyo watumishi wa nyumbani, madereva na watunzaji wa majengo, ambao waliruhusiwa kulala katika vyumba vya chini ya ardhi au vibanda vya nyuma.

Msomaji wa Nairobi hahitaji ufafanuzi mrefu kuhusu kifungu hicho. Wakati wa ukoloni, Mwafrika aliingia katika mitaa ya juu ya jiji hili akiwa na kipande shingoni, na usiku alilala katika chumba cha nyuma ya nyumba ya mwajiri.

Chuo Kikuu cha Chicago hakikukaa kando. Kati ya 1933 na 1947 kilitoa zaidi ya dola 80,000 kwa vyama vya wakazi, na sehemu ya fedha hizo ilitumika kutetea hati hizo kortini. Mnamo 1937 Carl Hansberry, mfanyabiashara Mweusi, alinunua nyumba karibu na Woodlawn katika eneo lililofungwa kwa hati ya aina hiyo. Umati ulikusanyika nje, kitu kizito kikatupwa dirishani, nusura kimjeruhi binti yake Lorraine aliyekuwa na umri wa miaka saba hivi. Jirani mmoja akashtaki. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mnamo 1940, Hansberry alishinda kwa sababu ya kiufundi: kwamba hangeweza kufungwa na hukumu ya kesi ambayo hakuhusishwa nayo. Hati zenyewe hazikuguswa hadi 1948, mahakama hiyo ilipoamua katika kesi nyingine kwamba korti haziwezi kuzitekeleza. Yule binti aliyenusurika alikuja kuwa mwandishi wa mchezo wa kuigiza wa kwanza wa mwanamke Mweusi kuonyeshwa katika kumbi za Broadway, mnamo 1959.

Ukuta wa karatasi ulipoanguka, Weusi waliingia Hyde Park kwa kasi. Kutoka takriban asilimia 6 ya wakazi mnamo 1950, walizidi thuluthi moja kufikia 1960. Wenye nyumba walizigawa nyumba kubwa vipande vipande na kuwapangisha watu wengi kupita kiasi, uhalifu ukaongezeka, na chuo kikafikiria kuhama. Kikaamua kubaki na kuunda upya mazingira yake. Mnamo 1952 iliundwa tume ya kusimamia eneo hilo, ikiungwa mkono na chuo na kuongozwa na wakili Julian Levi, na mnamo 1958 baraza la jiji likapitisha mpango wa kufufua mtaa kwa fedha za serikali kuu. Majengo yaliyoitwa mabovu yalibomolewa. Barabara ya 55, iliyokuwa imejaa baa na kumbi za muziki, ilifagiliwa, na katikati yake yakasimamishwa majengo mawili ya ghorofa yaliyobuniwa na I. M. Pei. Maelfu ya watu walihamishwa, na wengi wao walikuwa maskini Weusi.

Mweusi aliyekuwa na kisomo na mshahara mzuri alikaribishwa abaki. Mchekeshaji Mike Nichols, aliyewahi kuwa mwanafunzi hapo, anahusishwa na utani kwamba huo ni mtaa ambamo Mweusi na Mweupe husimama bega kwa bega kuwapinga walalahoi. Ni utani mkali, lakini unaeleza jinsi mchanganyiko wa rangi unaosifiwa leo ulivyopatikana. Ubaguzi wa rangi ulipokatazwa, kipato kilichukua nafasi yake mlangoni.

Watetezi wa chuo wana hoja yenye uzito. Mitaa mingi ya kusini mwa Chicago ambayo haikuwa na taasisi tajiri ya kuishikilia iliporomoka. Woodlawn, iliyo upande wa pili wa uwanja mrefu wa nyasi uitwao Midway, ilikuwa na zaidi ya watu 80,000 mnamo 1960. Sensa ya 2020 ilikuta takriban 24,000. Moto uliteketeza majengo, maduka yakafungwa, na viwanja vikabaki magugu matupu. Anayesema kwamba Hyde Park ingeponea bila chuo anapaswa kueleza ni vipi.

Lakini ukaribu na taasisi kubwa haukuwanufaisha majirani wote kwa usawa. Polisi wa chuo, ambao ni kikosi cha kibinafsi, hushika doria kutoka barabara ya 37 hadi ya 64, mbali sana na madarasa. Hospitali ya chuo, kwa upande mwingine, ilifunga kitengo chake cha majeruhi watu wazima mnamo 1988 kwa sababu ya gharama. Mnamo Agosti 2010 kijana wa miaka 18 alipigwa risasi hatua chache kutoka hospitali hiyo, akapelekwa katika hospitali nyingine katikati ya jiji na kufariki. Vijana wenzake waliandamana kwa miaka, wengine wakakamatwa, hadi kitengo kipya kikafunguliwa mnamo Mei 2018. Kwa mkazi wa Woodlawn, basi, chuo ni jirani ambaye ulinzi wake ulikufikia nyumbani kwa miaka hiyo yote, ilhali majeruhi wako alipitishwa mlangoni pake.

Ndiyo sababu neno la mdomo halitoshi tena huko. Wakazi wa Woodlawn walijifunza hilo mapema katika miaka ya sitini, walipojipanga chini ya kasisi Arthur Brazier na mwanaharakati Saul Alinsky, wakakilazimisha chuo kuahidi kwamba hakitajitanua kupita barabara ya 61. Kilipotajwa kituo cha Obama, warithi wao walidai mkataba rasmi na wakfu unaokijenga: ajira kwa wenyeji, kinga ya kodi, na nyumba za bei nafuu. Wakfu ukakataa. Mnamo Septemba 2017 Obama mwenyewe alijitokeza kwa njia ya video katika mkutano na kueleza kwamba, akiwa mtu aliyewahi kuzipanga jamii za kusini mwa Chicago katika miaka ya themanini, alijua ni vigumu kuamua ni makundi gani yatie saini kwa niaba ya wote.

Jibu hilo halikuwa la ulaghai. Makundi yalikuwa mengi na hayakuelewana. Lakini lilikuwa jibu la ajabu kutoka kwa mtu aliyejenga jina lake kwa kuwafundisha wanyonge kudai ahadi zao kwa maandishi.

Wakazi wakageukia baraza la jiji. Mnamo Septemba 2020, mwaka mmoja kabla ya ujenzi kuanza, madiwani walipitisha sheria ya kulinda makazi ya Woodlawn. Iliamuru kwamba kati ya viwanja 208 vitupu vya jiji, angalau 52 vitengwe kwa nyumba za bei nafuu, na ikawapa wapangaji wa majengo makubwa haki ya kwanza ya kununua pindi mwenye jengo anapotaka kuliuza. South Shore, iliyo kusini mwa bustani hiyo hiyo, iliachwa nje. Ilingoja hadi Septemba 2025 ndipo baraza likapitisha sheria yake.

Miaka mitano ni mirefu katika soko la nyumba. Mnunuzi wa mbali haongojei utepe ukatwe. Hununua mradi unapotangazwa. Si kila mkazi anayelalamika, na hapa ndipo mjadala huu hupotoshwa na pande zote mbili. Mzee aliyelipia mkopo wa nyumba yake Woodlawn kwa miongo mitatu, akiitazama ikipoteza thamani, ana haki ya kufurahi bei ikipanda. Lakini thamani ikipanda, kodi ya mali hupanda nayo, na pensheni yake haipandi. Mpangaji hana hata furaha hiyo. Yeye hupokea notisi tu, na haki ya kwanza ya kununua haimsaidii sana asiye na akiba wala benki ya kumwamini.

South Shore ni mtaa wa wapangaji wengi, na kwa miaka umekuwa miongoni mwa mitaa ya Chicago yenye visa vingi zaidi vya watu kufurushwa na wenye nyumba. Huko ndiko alikolelewa Michelle Obama. Baba yake alifanya kazi katika mtambo wa maji wa jiji, na familia nzima iliishi orofa ya juu katika nyumba ya jamaa ya mama yake, hadi yeye na kakake wakafika Chuo Kikuu cha Princeton. Zipo familia nyingi za aina hiyo katika mtaa huo hadi sasa: mshahara mmoja, orofa ya juu, watoto wawili shuleni. Sheria ya 2025 italinda baadhi yao. Waliohama kati ya 2016 na mwaka huo hawamo ndani yake.