Tulipigia kelele samaki wa Uchina, wa Ekerenyo nani anawapima?

Mnakumbuka 2018? Kenya nzima ilikuwa inalia na samaki wa Uchina. Mara wana zebaki, mara madini ya risasi, hadi Rais Uhuru Kenyatta akataka wasiagizwe tena. Siku hizi ukiuliza muuza samaki, jibu ni moja: "Hawa ni wa kwetu." Sawa, lakini wa kwetu nani aliwapima?

Tazama mteremko wa Ekerenyo. Juu chai, katikati migomba na mahindi, chini kabisa bondeni ndipo bwawa la samaki. Mvua ya Gusii unaijua. Mbolea na dawa za wadudu zikioshwa huko juu, zinaenda wapi?

Sumu ya haraka ndiyo rahisi kuipima. Chovya mkono bwawani hadi kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla kiwiko hakijaguswa na maji, basi kijani kimezidi. Mchana huo mwani hutoa oksijeni, lakini usiku huivuta. Alfajiri unakuta ngege wamepanua midomo juu ya maji, wengine tayari wamegeuka matumbo. Halafu jirani analaumiwa eti katia sumu! Kumbe ni kinyesi cha kuku ulichomwaga mwenyewe. Amonia nayo haionekani, ila vipimo vyake vya kubadilisha rangi vinatumika pale pale ukingoni.

Hata wakubwa hushikwa. Novemba 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi Ziwa Victoria, upande wa Kisumu. Watafiti wa KMFRI walisema maji ya chini yasiyo na oksijeni yalipanda juu.

Sumu ya polepole ndiyo inanitisha. Dawa za shambani na madini mazito kwa kiasi kidogo huenda zisiue samaki leo. Anakua, anauzwa, tunamla na ugali. Hapo mkono hausaidii, ni maabara tu. Na kituo cha KMFRI kiko Kegati, hapo Kisii, si ng'ambo.

Kugawa vifaranga huwa kuna kamera na hotuba. Sijawahi kuona picha ya kikundi cha vijana wakikabidhiwa kifaa cha kupima maji, wasee. Kwa hivyo kama chenu kiko kwenye foleni, kabla ya kusaini ulizeni: maji ya hilo bwawa yalipimwa lini, na majibu yako wapi?