SEHEMU YA 4: Uji wa alfajiri na nusu kaputi

Mama, hili la leo baadhi ya wenzangu wodini hawatalipenda.

Mtoto amepangiwa kutolewa mafindofindo. Mmeambiwa asile. Saa 11 alfajiri analia njaa, bibi yake anamwonea huruma, anampa uji kidogo. Mkifika hospitali nesi anauliza, "Amekula?" Unajibu, "Hajala." Nakuelewa. Umeomba ruhusa kazini, nauli umetoa, tarehe umeisubiri miezi. Na unaogopa kufokewa.

Ila uji huo, jamani! Mtu akiwa macho, chakula kikipanda kooni anakohoa au anameza, njia ya hewa inajifunga. Nusu kaputi inaulaza na ulinzi huo. Kilichomo tumboni kikipanda kinaweza kuingia kwenye mapafu pamoja na asidi yake, na asidi inaunguza. Mtoto anaweza kukosa hewa palepale mezani, au akapata nimonia kali baadaye. Na kwenye koo, daktari anayekata na mtaalamu wa usingizi wanatumia njia moja, tena ya mtoto, nyembamba.

Kwa kawaida ni hivi: chakula, uji, maziwa ya kopo au ya ng'ombe, mwisho masaa 6 kabla. Maziwa ya mama, masaa 4. Maji matupu, masaa 2. Hospitali yako ikikupa masaa mengine, fuata hayo. Ukiambiwa "asile" bila kutajiwa saa, kasoro ni ya hospitali, si yako. Uliza, maana mtoto hatakiwi kushinda na kiu tangu jana usiku.

Mimi naona nesi anayefoka anawafundisha akina mama kudanganya. Aulize kwa upole: "Mara ya mwisho amekula nini, saa ngapi?" Ukisema ukweli, mtasogezwa masaa kadhaa au siku nyingine. Inauma, najua, lakini mafindofindo mara nyingi yanasubiri. Waambie na bibi, shangazi, dada wa kazi. Kagua mifuko ya mtoto pia, biskuti hazikosekani humo!

Na kama ulishasema hajala, halafu ukagundua alikula, sema hata akiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Kesho tutaongea kuhusu damu. Kwa ambao watoto wenu wameshafanyiwa, msisubiri kesho: damu inaweza kutoka hata siku ya 5 hadi ya 10, mkiwa nyumbani. Ukiona amelala lakini anameza-meza mfululizo, mwamshe, mmulike kooni. Ukiona damu, hata kidogo, hospitali usiku huohuo.