Patro, chunguza mtu, usichunguze kijiji chake

Hapa Beni, mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Eringeti aliomba kazi ya usafi kwenye duka moja. Aliulizwa maswali mawili tu: umetoka wapi, na kadi yako ya uchaguzi iko wapi. Kadi iliungua pamoja na nyumba. Akaambiwa arudi kwao. Kwao ndiko alikokimbia.

Ndugu wasikilizaji, siandiki haya kwa kulaumu mapatro wote. Hofu yao ninaielewa. Tangu mwaka 2014 tumezika watu wengi katika eneo hili. Mwenye duka, shule ao kituo cha afya ana haki ya kujua ni nani anamkabidhi ufunguo. Kuuliza si kosa. Kosa ni kuuliza kisichohusu kazi na kuacha kinachohusu.

Katiba ya inchi yetu, kifungu cha 36, inakataza mtu kuonewa katika kazi juu ya asili yake, jinsia, mawazo, imani ao hali yake ya maisha. Kifungu cha 17 kinasema kosa la jinai ni la aliyelitenda: hakuna anayehukumiwa juu ya tendo la mwingine. Ikiwa hata hakimu hawezi kukufunga juu ya kosa la kaka yako, patro anapata wapi ruhusa ya kukunyima kazi juu ya kijiji chako?

Kuna mengine yaliyokatazwa. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 hairuhusu kumdai mwanamke anayeomba kazi apime mimba, isipokuwa kwa kazi ambazo wenye mimba wamekatazwa. Na sheria ya mwaka 2008 juu ya VVU hairuhusu kumdai muombaji kipimo cha virusi hivyo.

Basi patro achunguze nini? Aanze na cheti cha kazi. Sheria inamlazimisha patro wa zamani kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti kinachoonyesha alifanya kazi gani na kwa muda gani. Ukitaka kumpigia simu patro huyo, mwambie muombaji kwanza. Kwa kazi ya kushika pesa ao kulinda watoto, omba karatasi ya parke inayoonyesha kama mtu aliwahi kuhukumiwa. Lakini iombe kwa kila anayetaka kazi ile, si kwa wakimbizi peke yao. Ukipata neno baya, mpe nafasi ajieleze. Na ulichokipata kibaki ofisini. Kukipitisha kwenye WhatsApp ya kartie ni kuvunja siri ya maisha ya mtu, ambayo Katiba inailinda katika kifungu cha 31.

Na aliyepoteza makaratasi? Mpe muda ayatafute upya. Shefu wa kartie, familia iliyompokea, pasta ao padri wake wanaweza kusema wanachokijua. Tena sheria inampa patro njia nyingine: muda wa majaribio, ulioandikwa kwenye mkataba, usiozidi mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi na miezi 6 kwa wengine. Katika mwezi huo utaona mtu anafika saa ngapi na kama anarudisha chenji yote. Kadi haiwezi kukuonyesha hayo. Mwizi naye ana kadi ya uchaguzi.

Nanyi ndugu mliokimbia, msinunue karatasi za uongo. Siku itakapojulikana, kazi itaenda pamoja na jina lako. Sema wazi kilichoungua na kilichobaki. Mtu akikudai pesa ili achunguze faili yako, ondoka. Huyo anataka kula mshahara ambao hujaupata bado. Na ukikataliwa waziwazi juu ya kabila ao kijiji, peleka neno kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi, pamoja na shahidi kama yuko.

Mama yule sasa anafua nguo za watu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kwenye lile duka hakuna aliyemuuliza swali la kwanza kabisa: mama, kazi hii unaijua?