Istikhara yangu na zizi la Dirma



Familia nyingi huniuliza swali hili: "Sheikh, nimeswali istikhara siku saba na sijaota kitu. Nifanyeje?" Huyu anataka kuoza binti, yule kuuza shamba, na wote wanangoja ndoto. Katika hadithi ya Jabir bin Abdillah aliyoipokea Imam Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliwafundisha Maswahaba istikhara katika mambo yote, wala ndoto haikutajwa. Wengine hungoja kishindo. Tope na mawe yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, nilisikia watu wakieleza makusudio ya Mola kana kwamba wameisoma Lauhul-Mahfudh. Elimu hiyo mimi sina, na wao hawana.

Nisimulie lililonipata katika wilaya hiyo hiyo ya Hanang. Nilimkopesha fedha mfugaji mmoja wa Dirma. Ukame wa 2021 na 2022, ulioua mifugo mingi mkoani Manyara, ukampunguzia ng'ombe, na ahadi ya malipo ikapita. Nami nilikuwa na ada ya mwanangu shingoni. Niliswali istikhara: nimdai auze ng'ombe waliobaki, au nisubiri? Sikuota kitu. Nikafunga safari, na moyoni, nakiri, nilikwisha kuamua kudai.

Asubuhi, baada ya swala, nilisimama kando ya zizi. Mkewe, mama wa Kibarabaig asiyepata kusikia hadithi hata moja, alimwachia ndama anyonye kidogo ili ng'ombe ateremshe maziwa, kisha akamvuta pembeni, akakamua. Kibuyu hakikujaa, na nyumba ile ilikuwa na watoto. Hata hivyo aliacha kukamua, akamrudisha ndama kwenye kiwele. Nikamwuliza mbona maziwa mengine ameyaacha. Akanitazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Ndama akifa, kesho nitakamua nini?"

Nilinyamaza. Hadithi ya Dhirar bin Al-Azwar niliisoma madrasa, nikairudia chuo kikuu, na nimeisomesha miaka mingi: Mtume (s.a.w.) alimwamuru, akamuapo, aache kiweleni kile kitakachoyaita maziwa mengine. Sharhe zake nazijua. Maana yake niliiona siku ile, samadi ikiwa viatuni. Mara ikanijia aya ya 280 ya Suratul-Baqara, inayoamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Aya hiyo nilikuwa nayo kifuani safari nzima. Sikutaka kuisikia tu.

Tuelewane hapa. Maziwa si wahyi. Lau lile nililoliona lingenishawishi kudhulumu, ingenipasa kulikataa, kwani tunayoyaona hupimwa kwa Kitabu na Sunna. Lakini naye asiyesoma chochote angepita mbele ya zizi lile asione ila ng'ombe.

Tulikunywa chai, nikamwongezea mwenyeji wangu muda, na suala la kuuza ng'ombe sikulitaja. Ada ya mwanangu niliipata kwingine, kwa tabu. Hadi leo amelipa nusu, na kila akileta kitu huja na kibuyu cha maziwa ya mgando ambacho hakimo katika hesabu yetu.